Jinsi ya kurudisha maongezi ya jioni nyumbani: sisi tulianza na mahindi

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Uyole, Mbeya, mwaka juzi, mwezi wa tano, kutibiwa macho. Siku ya tisa akamwita mwanawe na kumwambia amkatie tiketi arudi Tukuyu. Tukadhani chakula hakijampendeza, au baridi imemzidi. Akasema, "Chakula chenu kizuri. Ila hapa kwenu hakuna watu."

Nyumba ilikuwa na watu sita.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimemnunulia blanketi jipya, ndizi nampikia anavyopenda, kila asubuhi namchemshia maji ya kuoga. Usiku ule nikakaa pembeni nikaitazama sebule yangu. Baba watoto ameinamia simu anajibu watu wa viazi. Binti wa kidato cha tatu amejifunika shuka mpaka kichwani, mwanga unaonekana kwa ndani. Wadogo wawili wanagombania simu yangu ya zamani. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasoma grupu la kamati ya harusi ya mtu ambaye hata simjui vizuri. Bibi yuko katikati, mikono mapajani, anaangalia ukuta.

Haya ninayoyaandika yametokana na makosa ya miezi iliyofuata. Nawaandikia hasa watu wa nyanda zetu hizi, Mbeya, Njombe, Makete, Iringa, kwa sababu sisi tuna vitu viwili vinavyosaidia sana: baridi na mahindi. Mtu wa Dar na feni yake atajua apunguze wapi, aongeze wapi.

Hatua ya 1: Anza kujipima wewe

Simu nyingi za Android za kuanzia 2018 zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia muda gani kwenye kila programu. Ifungue ukiwa peke yako. Mimi nilikuta saa nne na dakika hamsini kwa siku, na WhatsApp peke yake inakaribia saa tatu. Binti yangu, ambaye nilikuwa namsema kutwa, alikuwa na saa tatu kamili kwa programu zote. Niliirudisha simu mfukoni kimya kimya.

Halafu kwa jioni tatu, sikiliza tu. Hesabu ni mara ngapi mtu wa nyumbani kwako anamwambia mwenzake jambo lisilo agizo. "Lete maji," "zima taa," "umeshakula?" hayo hayahesabiwi. Jioni ya kwanza kwetu nilipata moja: mdogo alisema baiskeli ya mwalimu wao imeibiwa. Hakuna aliyemjibu.

Hatua ya 2: Usiitishe maongezi, itisha kazi

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili usiku, tutakuwa tunakaa tunaongea kama familia. Tukakaa kweli. Ilikuwa kama mzazi ameitwa shuleni. Baba watoto akauliza ajenda ni nini. Binti akajibu kila swali kwa "kawaida tu". Dakika kumi na tano hazikufika, mdogo akasinzia, nami nikashukuru.

Baadaye nikakumbuka kwetu Njombe. Mama hakuniita hata siku moja akasema njoo tuongee. Alikuwa anasema njoo tupukuchue, au njoo tuchambue maharage, na habari zote za ukoo, nani alitoroka na nani, nani alikataa shamba la baba yake, nilizisikia pale pale mikono ikiwa kazini. Watu wanaongea vizuri mikono ikishughulika na macho yakiwa na mahali pa kutua pasipo kumkodolea mtu. Siku hizi mashine ya kupukuchua inapita mitaani, gunia moja ni dakika chache, unalipa, kwisha. Mikono ikabaki mitupu, simu ikaingia. Sisemi mashine ni mbaya, mgongo wangu unaijua thamani yake. Lakini ilipoondoka ile kazi iliondoka na kitu, na hatukukiona kikiondoka.

Kwa hiyo mwezi wa sita, mahindi yaliposhuka kutoka shambani, tulipeleka mengi kwenye mashine na kubakiza sehemu ndogo kwenye magunzi kwa makusudi. Utaratibu wetu ulikuwa hivi.

Tandika turubai au jamvi, mwaga mahindi katikati, watu wazunguke. Lengo la jioni moja liwe debe moja lililopukuchuliwa, basi. Gunia la kilo 100 ni kama debe sita, kwa hiyo gunia moja linawapa wiki nzima na Jumapili mnapumzika. Ukiweka lengo kubwa watakuja siku moja na kesho yake kila mtu ana tyuisheni.

Mahindi yawe makavu sawasawa, mabichi yanaumiza vidole na yanapasuka. Anayejua kazi afungue mistari miwili kwa kidole gumba au kwa ncha ya kijiko, halafu ampe wa pembeni yake amalizie kwa kusugua na gunzi lingine. Usimwache kila mtu na gunzi lake mwanzo mwisho. Gunzi likipita kutoka mkono wa bibi kwenda mkono wa mjukuu, lazima mmoja aseme kitu, hata kama ni "hili lina wadudu". Kwetu maneno ya kwanza yalikuwa ni hayo hayo ya wadudu. Kutoka wadudu wakahamia dawa ya kuhifadhia mahindi, kutoka dawa mama mkwe akaeleza majivu waliyokuwa wakitumia zamani, na nilipotazama saa ilikuwa saa tatu na nusu.

Usiye na mahindi, tafuta maharage ya kuchambua, njegere za kumenya, karanga za kubandua, sweta la kufuma. Iwe kazi isiyo na kelele na isiyohitaji akili nyingi. Televisheni izimwe. Ukiiacha "kwa sauti ndogo" umeshashindwa.

Hatua ya 3: Washa moto, mlango uwe wazi

Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hakuna haja ya kumlazimisha mtu akae karibu na jiko. Magunzi yenyewe yanawaka vizuri. Mtu anapukuchua, anatupia gunzi motoni, anakodolea moto. Mtu anaweza kusema jambo zito huku anaangalia makaa ambalo asingeweza kulisema anakuangalia wewe.

Sasa hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu kila msimu wa baridi tunazika watu kwa jambo hili. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wengi wanaamini moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu hatari imekwisha. Siyo kweli, makaa mekundu ndiyo yanayoua. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mwili unalegea, unapata usingizi mtamu, na huamki. Kwa hiyo kaeni jiko la nje kama lipo. Kama ni ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, hata mkitetemeka, na jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajaenda kulala. Usiliingize chumbani "lipashe kidogo". Wawili wakilalamika kichwa kwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, maswali baadaye, halafu muwahi hospitali.

Jambo lingine ni nani akae wapi. Mimi ni Mbena niliyeolewa kwa Wanyakyusa, na kwa mila yao ya zamani mkamwana na baba mkwe hawaangaliani wala hawakai pamoja. Siku hizi imelegea, haijafa. Baba mkwe alipokuja kumtazama mkewe, mimi na ungo wangu nilihamia upande wa ndani wa mlango, yeye akabaki nje na watoto, na alilotaka kuniambia lilipitia kwa mdogo. Tulicheka sana jioni ile, kila mtu upande wake. Panga viti vyako kwa kuheshimu ya kwenu, mzee asije akakosa raha na kwenda kulala mapema.

Hatua ya 4: Zima data, usizime simu

Wiki ya kwanza nilikusanya simu zote kwenye sufuria na kufunika. Siku ya pili mteja wa viazi wa baba watoto alipiga mara saba, lori likaondoka bila mzigo. Nyumba ilikuwa na baridi ya aina nyingine.

Suluhisho ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kila mtu azime data tu, laini ibaki hewani na mlio uwe juu, simu zipangwe kwenye kabati la vyombo ambapo zinasikika lakini hazionekani. Mwenye shida ya kweli atapiga. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu usiku, kwa mwezi mzima, zilipigwa simu kumi na mbili za lazima. Hizo meseji nyingine zilisubiri, na nusu yake tulipozifungua zilikuwa za "habari za asubuhi" zenye picha ya maua.

Mkubwa wa nyumba aweke ya kwake kwanza, watoto wakiona. Msimamo wangu ni huo na sibadiliki. Baba akibakiza ya kwake mfukoni kwa sababu "mimi ni kazi", binti naye atapata kazi.

Hatua ya 5: Fungua kwa salamu, endelea kwa maswali yenye miguu

Salamu za huku ni ndefu kwa sababu maalumu. Kinyakyusa wanakuuliza *ugonile*, umelala? Na kwa mkubwa au kwa wengi neno linabadilika. Sisi upande wa Njombe na Iringa ni *kamwene*. Ukimaliza hiyo ni za nyumbani, za watoto, za shamba, mvua huko vipi. Kwenye simu yote hayo yamekuwa "mambo" na "poa". Watoto wangu walikuwa wanamsalimia bibi yao "shikamoo" huku wanapita, marahaba inawakuta wameshafika mlangoni. Tukaweka sharti moja: ukimsalimia bibi, unakaa chini mpaka aulize anachotaka kuuliza. Mwanzo waliona adhabu.

Baada ya salamu, swali. Usimuulize mzee "zamani maisha yalikuwaje?" Atakujibu yalikuwa magumu, na mazungumzo yatafia hapo. Uliza swali lenye mahali, chakula au safari ndani yake:

Reli ya TAZARA ilivyokuwa inajengwa, kati ya 1970 na 1975, ulikuwa unaishi wapi, na uliwaona Wachina?

Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ulikuwa na ladha gani?

Nani alikufundisha kupika hiki?

Lile la Wachina ndilo lililoifungua nyumba yetu. Mama mkwe alisema aliletwa Mbeya na baba yake kwenye lori la ndizi, akiwa msichana, na mjenzi mmoja wa Kichina akamsalimia "ugonile". Watoto wote wakakimbia wakajificha nyuma ya mikungu. Baba watoto, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, akasema, "Mama, hii hujawahi kunisimulia." Akamjibu, "Ulishawahi kuniuliza?"

Watoto wadogo wape vitendawili, maana hapo hakuna mwenye haraka. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa wakupe mji, na usikubali mji wa kwanza. Mdogo alimpa bibi yake Tunduma, bibi akakataa, Tunduma kuna foleni ya malori. Akampa Chimala, akakataa. Akampa Matema. "Haya. Nilikwenda Matema, nikakaa ufukweni, nikala samaki wa ziwani, watu wakaniuliza hiyo nyumba isiyo na mlango ni nini, nikawaambia ni yai." Mdogo akadai Matema yake arudishiwe kwa sababu jibu alikuwa analo mdomoni.

Na mkinyamaza, nyamazeni. Nilikuwa naogopa ukimya, naujaza kwa mawaidha. Acha magunzi yalie.

Hatua ya 6: Kijana wako

Usimuulize shule. Mpe kazi iliyo pembeni yako, siyo mbele yako, na usubiri. Binti yangu alikaa jioni sita bila neno la maana. Ya saba akaniambia, huku anahangaika na gunzi, kwamba kuna picha yake imesambazwa kwenye grupu la darasa na imechekwa. Kama ningegeuka kumtazama asingeendelea. Nilimpa gunzi lingine.

Simu yake pia iruhusu mara moja moja iwe mgeni barazani. Akikuta video ya kuchekesha aiwashe wote muione, halafu irudi kabatini na mwendelee kuibishania. Video ikitazamwa na watu sita wanaobishana, hiyo nayo ni maongezi.

Hatua ya 7: Ugomvi na msiba vitolewe kwenye grupu

Hii ni hatua ya nje ya nyumba, na pengine ndiyo ningeanza nayo kama ukoo wako una grupu. Baba watoto na mdogo wake walikuwa wanachangia matibabu ya mama yao. Mume wangu akaandika hesabu ndefu kwenye grupu la ukoo. Shemeji akajibu neno moja: "Sawa." Na nukta. Ile nukta ilitugharimu wiki tatu. Mume wangu aliona amedharauliwa, dada zao wakagawanyika, mtu mmoja akajitoa kwenye grupu akarudishwa akajitoa tena.

Jumamosi moja nikamwambia tupande Coaster. Kutoka Uyole barabara ya Tukuyu iko pale pale, huna kisingizio. Tukamkuta shemeji anapalilia migomba. Hatukutaja grupu. Tukapewa majembe mawili, tukapalilia. Mstari wa tatu hivi akasema mwenyewe kwamba siku ile alikuwa juu ya bodaboda mvua inamnyeshea, kidole kimoja, akaandika sawa ili simu isilowe. Nukta iliwekwa na simu.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: kwenye grupu yaende tarehe, mahali na kiasi cha mchango. Jambo linaloanza na "mimi naona" au "tangu zamani wewe" lisubiri mtu apande gari, au angalau apige simu. Msiba ni hivyo hivyo. Kutuma mchango na emoji ya kulia hakufuti kufika. Nenda ukae, wanaume pale nje kwenye moto na wanawake ndani na wafiwa, na huhitaji kuwa na maneno. Kukaa kwenyewe ndiyo pole.

Ujumbe wa sauti nao una mtego wake. Tangu 2021 WhatsApp inakuruhusu kuuharakisha, na siku moja nilijikuta namsikiliza mama yangu mzazi kwa kasi ya mara mbili, sauti yake kama ya kifaranga, ili amalize haraka kunieleza ameota nini. Nikampigia.

Hatua ya 8: Mpe kila mtu wa rika lake

Maongezi ya nyumbani hayatoshi. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, kustarehe na wenzako kwa maongezi, kula na kunywa pamoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliliona neno hili likiwa kiini cha vijiji vya marika: wavulana wa miaka kama 10 au 11 waliondoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao kando, wakilala huko na kwenda kula kwa mama zao kwa makundi. Wazee waliona mtu anapata akili kwa kukaa na wenzake. Sisi hatutajenga kijiji, lakini mwache binti aende kusuka kwa rafiki yake Jumamosi nzima hata kama kusuka kunaisha saa saba mchana. Mwache mume akae kijiweni kwenye bao. Mimi nilijitoa kwenye magrupu manne, na Jumatano nakwenda sokoni Mwanjelwa kununua mboga taratibu, kwa mama yule yule, ambaye sasa ananikalisha kwenye kigoda chake na kunituma nimchenjie hela.

Kazi ikiisha

Mama mkwe hakukatiwa tiketi. Alikaa mpaka Nane Nane, akaenda na wajukuu kuona ng'ombe kwenye viwanja vya John Mwakangale, ndipo akarudi kwake na macho yake na nusu debe la unga.

Mwezi wa tisa mahindi ya magunzi yalikwisha na nilijua hapo ndipo tutakapoanguka. Tulianguka. Jioni mbili simu zilirudi zote. Ya tatu mdogo akauliza kesho tunafanya kazi gani, nikanunua karanga debe moja. Hapo mjiandae mapema: msimu wa mahindi ukikaribia kwisha, kazi inayofuata iwe imeshaletwa ndani, iko kwenye gunia, inaonekana.

Juzi bibi amepiga simu. Hakuuliza afya ya mtu. Ameuliza mwaka huu tunavuna lini, na kwamba hayo ya kwenye magunzi tusiyaguse kabla hajafika.